Darubini Tatu za Eliakim

Jumamosi moja mwishoni mwa Septemba, Eliakim aliniomba nimsindikize dukani kuchagua darubini ya bunduki. Nilishangaa. Katika miaka kumi na minane aliyokuwa mume wa dada yangu Kemunto, sikumbuki akitaka mtu wa kumsindikiza popote. Ndiye anayesindikiza wengine. Mgeni akitua uwanja wa ndege usiku wa theluji, simu humlilia Eliakim. Maiti ikisafirishwa nyumbani, Eliakim ndiye anayewapeleka wafiwa kwenye ofisi zote.

Kuendesha gari ndiyo kazi yake. Ana van nyeupe ya kampuni, yenye lifti ya kupandishia kiti cha magurudumu, na abiria wake ni wagonjwa. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa humchukua Mama Vestine, bibi wa Kirundi anayeishi si mbali na kwao, kitongojini Crystal, na kumpeleka kliniki kusafishwa damu. Mama Vestine hakubali dereva mwingine. Kabla gari halijaondoka huifunika mikono ya Eliakim kwenye usukani kwa mkono wake na kuiombea.

Bunduki ni starehe yake ya pekee. Ni tuentitu, ile ya risasi ndogo isiyozidi kipande cha penseli, aliyoinunua baada ya Ken, fundi wa magari kazini kwake, kumzoesha kuwinda kindi. Kemunto hajawahi kuipenda. Inakaa gereji katika kabati la chuma lenye kufuli, na kindi hawaruhusiwi kuvuka mlango wa jikoni. "Mtu wa Nyamira, aliyelelewa kwa maziwa ya ng'ombe," humwambia, "amevuka bahari kuja kupiga panya wa mitini." Kanisani wanamwita Mwindaji, na akichelewa ibada huulizwa kama alikwama kwenye tawi. Yeye hucheka. Msimu wake wa kwanza alipiga kindi wanne kwa risasi nne, na hadithi hiyo ameirudia mpaka watoto wanaimalizia kwa Kiingereza kabla yake.

Mwaka huu alikuwa hapigi kitu. Kindi wanakaa kwenye tawi, wanamtazama, risasi inapita. Alisema tatizo ni kile chuma kidogo cha kulengea kilichokuja na bunduki, na kwamba kwa umri wa miaka hamsini na mbili mtu ana haki ya kuwa na darubini, mradi iwe ya bei nafuu.

Duka liko pembezoni mwa mji wa Inver Grove Heights. Eliakim aliendesha. Baada ya kuvuka mto pale mjini Saint Paul na kushika barabara ya 52, nilihisi gurudumu la upande wangu likigusa ukingo mara moja, kisha mara ya pili. Nilikumbuka kwamba kioo cha kulia cha ile van kilikuwa kimebadilishwa mara mbili tangu Pasaka, na kwamba kila mara alilaumu wanaoegesha vibaya.

Muuzaji alikuwa mzee mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, mtu mpole. Alimweleza Eliakim kwamba kwa tuentitu mtu hahitaji kujifilisi. Risasi yake haiendi mbali, kwa hiyo atafute darubini iliyotengenezwa kwa yadi hamsini, si zile za bunduki kubwa za kuwindia paa, ambazo kwa umbali mfupi hudanganya. Ya kukuza kitu mara nne inatosha. Zenye taa nyekundu na vizungusho vingi aziache, maana kwa bei ya chini kila kikorokoro cha ziada kinakula ubora wa kioo. Akaweka mezani moja ya chini ya dola sitini, akamwambia ailenge nguzo ya taa nje ya dirisha.

Eliakim alifumba jicho la kushoto, akaweka la kulia kwenye darubini. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Hii mbovu," alisema. "Ndani kuna mistari miwili inayokatana, sivyo? Wa kusimama umekatika. Nusu ya chini haipo."

Mzee akaichukua, akavaa miwani, akatazama, akasema haoni kasoro. Hata hivyo alifungua boksi la pili, la bei ya juu kidogo. Eliakim akatazama, akatikisa kichwa. Nusu ya chini haipo. Akaomba ile iliyokuwa ndani ya kabati la kioo, ambayo bei yake ingenunua bunduki yenyewe mara mbili. Nilifikiri mzee angekasirika, lakini alifungua kufuli taratibu, kama mtu ambaye ameshaelewa jambo na hataki kulisema.

Eliakim alitazama kupitia hiyo ya tatu. Kisha akanipa mimi, bila kuniangalia.

"Shemeji, niambie unachoona."

Niliona nguzo ya taa, karibu kama ningeweza kuigusa. Juu yake niliona mistari miwili myembamba, mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, yote mizima kutoka ukingo hadi ukingo. Nikachukua ya kwanza, ile ya bei ya chini. Mistari ilikuwa mizima. Nikamwambia hivyo.

Alinunua ile ya kwanza. Nadhani aliona aibu kumsumbua mzee bure. Muuzaji aliuliza kama amfungie kwenye bunduki siku nyingine, Eliakim akasema ataona, kisha akatoka na boksi kwapani.

Kwenye maegesho alisimama kando ya gari na hakufungua mlango. Akanieleza. Wiki mbili nyuma, porini, alikuwa ametazama kupitia darubini ya Ken na kuuona mstari umekatika. Ken akasema darubini yake haina shida. Tangu siku hiyo alijua, ila alitaka kuwa na hakika, na hakutaka kuipata kwa daktari. "Dukani hawaandiki faili," alisema. Macho yote mawili yakiwa wazi, la kushoto huziba pengo la mwenzake na mtu haoni tofauti. Darubini huuliza jicho moja tu.

Nikamuuliza kuhusu kipimo cha macho cha cheti cha udereva, ambacho hufanya kila mwaka. Alitabasamu kidogo, tabasamu lisilo na raha. Wanakuambia ufunike jicho kwa kiganja, alisema, na vidole vina nafasi kati yake.

Baba yake alikufa kipofu. Alikuwa amepoteza jicho moja, kisha la pili, akiwaambia watu kwamba ni moshi wa jikoni. Miaka yake ya mwisho alishikwa mkono hata kwenda chooni. Haya niliyajua kwa Kemunto. Eliakim hajawahi kuyasimulia.

"Usimwambie dada yako," alisema. "Nipe mpaka Krismasi. Nipange mambo."

Nilitaka kukubali. Huku mtu asiyeendesha gari ni mfungwa wa sebule yake, na huyu ni mtu ambaye jina lake lote limo kwenye usukani. Lakini nilikuwa nimesikia gurudumu likigusa ukingo.

"Na Jumatatu," nikasema, "utambeba Mama Vestine?"

Magari yalipita barabarani. Alitazama funguo kiganjani kama kitu alichookota, kisha akanipa, akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa abiria. Njia nzima hakujua pa kuweka mikono yake. Aliiweka magotini, akaikunja kifuani, mwishowe akashika lile boksi.

Kemunto alikuwa uani akianua nguo. Alituona tukiingia, akaniona mimi nikishuka upande wa usukani na mumewe upande wa pili, na shuka aliyoishika ikabaki hewani. Miaka ishirini ya kuuguza watu katika nyumba za wazee imemfundisha kusoma vitu vidogo.

"Ni nini?" aliuliza.

Eliakim alinitazama, akaona sitamsaidia.

"Ni jicho," alisema. "La kulia. Kama la baba."

Kemunto aliikunja ile shuka mara nne, vizuri, akaiweka kikapuni. Hakulia wala hakugomba. Alimwambia apige simu kazini sasa hivi, kabla ya chai, na akasimama karibu naye wakati Eliakim akimweleza msimamizi kwamba Jumatatu watafute mtu mwingine wa kumchukua Mama Vestine, na kwamba huyo mtu amruhusu kwanza aombe. Akasema mara mbili hilo la kuomba.

Eliakim alipokata simu alilifungua boksi mezani. Akatoa ile darubini, akaenda dirishani, akafumba jicho la kulia. Aliiweka kwenye jicho la kushoto na kuilenga miti ya jirani, ambako majani yalikuwa yameanza kugeuka rangi. Alitazama, akasogea hatua moja, akatazama tena.

Tulisimama nyuma yake, Kemunto na mimi. Hakuna aliyemuuliza anaona nini.