Kumbukumbu za Swichi ya Ghorofa ya Pili

Hospitalini walimwita Bi Kebo, kwa sababu hakukosa kipande cha waya mfukoni. Alikuwa fundi wa mtandao kwa miaka kumi na mmoja, na akisema jambo, limekwisha. Ndiyo maana alipoandika kwamba mtandao wa ghorofa ya pili unakatika kwa kuwa mfagiaji anagonga waya wa umeme kwa fagio, hakuna aliyeuliza mara mbili. Yule mama, mtu mzima aliyeanza kazi pale kabla hata kompyuta hazijaletwa, akahamishiwa uani kufagia majani.

Mtandao ukaendelea kukatika.

"Mfagiaji mpya naye ana mkono mzito," wakasema watu.

Bi Kebo hakucheka. Alifungua kumbukumbu za swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao kwa kompyuta za ghorofa, akakuta mistari michache tu, yote ya tangu ilipowaka asubuhi ile. Kumbe kila ilipozimika, ilisahau yote yaliyoipata. Akashika tama. Basi ile ripoti aliiandika kwa ushahidi gani? Aliona fagio limeegemea kabati la swichi, mengine akayajaza mwenyewe.

Akarekebisha saa ya swichi, iliyokuwa nyuma miaka mitatu. Kisha akaielekeza itume taarifa zake kwenye seva ya ghorofa ya chini, ili hata ikizimika, maneno yake yabaki kwingine. Mwanzoni aliruhusu kila kitu, seva ikajaa porojo: kompyuta hii imeingia, ile imetoka. Akapunguza, zije zile nzito tu.

Siku ya tisa akasoma. Swichi ilikuwa imezimika mara sita, na kila mara, sekunde chache kabla, ilituma onyo lile lile: kifaa chake cha kuingizia umeme kimepata joto kupita kiasi. Hakuna fagio wala mkono wa mtu.

Alibadilisha kifaa, akaandika ripoti mpya. Mstari wa kwanza ulisema: "Nilikosea."

"Andika kifaa kimebadilishwa, basi," mkuu wake akamshauri. "Hilo la kukosea la nini?"

"Ile ya kwanza ina jina la mama wa watu, mkuu. Hii iwe na langu."

Akashuka uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtandao umekufa tena?"

"Umepona. Nimekuja kwa sababu nilikusingizia."

Mama aliendelea kufagia mpaka akamaliza lile fungu la majani. "Ulikuwa na haraka," akasema. "Ila jua la haraka yako limenichoma mimi."

"Naomba unisamehe."

"Nimesikia. Kusamehe nako kuna siku zake."

Jumatatu mama akarudi ghorofani. Walisalimiana tu, basi, hadi mwezi uliofuata, mama alipomsimamisha kwenye ngazi na kumuuliza kama simu iliyoanguka ndani ya ndoo ya maji huwa inapona.