Mawe Tisa Yenye Baba Alipima na Muguu

Miaka mimi sikumbukake kwa namba. Hii ni ya ule mwaka tulikula maharagi bila chumvi. Wenzangu wa Butembo, munaukumbuka: vita ilifunga barabara, chumvi ikakuwa kama dawa, mutu anairamba kwenye kidole halafu anafunika. Leo fufu na maharagi bila chumvi, kesho fufu na sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, bila chumvi vilevile. Batoto ba leo bakikosa mayoneze banasusa sahani. Sisi tulipigania makoko ya chungu.

Tulikaa Vulamba: baba, mama, mimi Masika, na mudogo wangu Katungu. Jikoni ilikuwa nje, nyuma ya nyumba, na kati ya jikoni na mulango kulikuwa bustani ya mama: lengalenga, vitunguu, kabichi. Mvua ikinyesha, pale panakuwa matope nyekundu ya kung'oa viatu. Siku moja mama anatoka jikoni na chungu, maharagi yetu yote ya siku ile, muguu ukateleza. Paa! Tulipiga magoti wote wane, tukaokota moja-moja, tukaosha, tukala. Muchanga ulikuwa unalia kwenye meno. Katungu akasema, "Leo angalau iko na ladha." Mama alicheka mpaka machozi. Baba hakucheka. Alikuwa fundi masoni, anajengea batu nyumba za simenti, na bibi yake anaanguka kwenye matope.

Kesho yake alirudi na nusu mufuko wa simenti yenye mvua iliharibu kwenye kazi. Akatupa mabonge, ile yenye ilibakia unga akaichunga na kichungi cha mama cha unga wa muhogo. Kile kichungi hakikurudi tena kwa fufu. Mimi na Katungu tulipewa nyundo tuponde mawe ya kuchanganya, vidole vyetu navyo vikapondwa.

Ya kuumbia mawe ya kukanyaga ilikuwa beseni ya zamani yenye kutoboka. Baba anatandika jani la ndizi ndani, kusudi simenti isishike, anamwaga, anagongagonga pembeni mpaka maji inapanda juu, anaacha mpaka kesho, anapindua. Jiwe linatoka mviringo kama mukate, na mishipa yote ya jani mugongoni. Nililipapasa kama uso wa mutu. Kila asubuhi na kila jioni tuliyamwagilia maji, kwa sababu baba alisema, "Simenti ni kama mutoto muchanga. Usipoinywesha inapasuka." Beseni moja, siku tisa, mawe tisa.

Njo sasa akakosea. Kwa nyumba za batu baba alipimaka na kamba. Kwa nyumba yake alipima na muguu. Na alikuwa murefu, ule baba! Anatembea kutoka jikoni mpaka mulango, mahali muguu unaanguka anaweka jiwe. Akamaliza, akaita mama ajaribu. Mama, mufupi, chungu kichwani, akafika jiwe la pili, muguu ukabakia hewani.

"Baba Masika, hii njia ni ya batu ao ya vyura?"

"Mama Masika, nyosha muguu kidogo."

"Nyosha wewe, na hii chungu kichwani!"

Baba akajikuna shingo. "Donc, basi, nimekosa. Kesho naenda Beni, kuna ukuta wa kumaliza. Jumamosi, siku ya posho, nikirudi nitaumba ingine, nitaongeza moja-moja katikati. Munichungie beseni."

Siku ya posho ikafika. Na ingine. Na ingine. Ile barabara ya Beni, kwenda ilikuwa kitu kimoja, kurudi kitu kingine. Hakuna mutu alituletea habari, wala shati. Hatukuzika kitu.

Sisi batoto tulifanya muchezo: kuruka jiwe kwa jiwe, mwenye kugusa matope tunamupigia kelele, "Ameenda Beni! Ameenda Beni!" Mpaka siku mama alisikia. Hakutupiga. Afadhali angetupiga.

Mvua ya mwaka wenye ulifuata, baba mudogo alikuja na simenti. "Shemeji, nipe beseni, nikuongezee mawe, utavunjika." Mama alikuwa amesimama kwenye jiwe la tatu, chungu kichwani. Akamujibu, "Hapana. Ataongeza yeye mwenyewe." Halafu akaruka. Miaka yote aliruka, mpaka nywele nyeupe. Majirani walisema kichwa yake imeharibika. Na mimi, sifichi, nilimuonea haya.

Mama tulimuzika. Katungu iko Kampala, anapigaka simu ya Noeli. Batoto bangu nimebasomesha wote, mimi mwenye niliachia darasa la tatu. Bajukuu niko nabo wanane, bakikuja bananyanyua viatu: "Koko, kwako ni matope sana!" Banaogopa matope kama nyoka. Jioni bamerudi kwao. Enzi zetu tulikosa chumvi, lakini tulikuwa wane kwa sahani moja. Leo chumvi iko, mufuko muzima, na ninapikia mutu mumoja. Beseni ya kutoboka iko kwenye musumari jikoni. Magoti yangu yamechoka, na kila siku naruka mara tisa kwenda, mara tisa kurudi.

Juzi kifungula mimba wangu, mutoto wa kwanza, Paluku, alinikuta nimeshika ukuta, napumua.

"Mama, utavunjika. Mawe yako hatugusi hata moja. Niongeze tu ingine katikati."

Alisema vizuri. Ana haki. Nikamuambia, "Hapana. Ataongeza yeye mwenyewe."

"Nani, mama? Nani?"

Hakungojea jibu, akaenda jikoni kuniletea maji. Niliangalia miguu yake. Yeye peke yake, kwa jamaa yetu yote, anapita ile njia bila kuruka. Jiwe, jiwe, jiwe, anatembea tu, kama imepimwa na muguu wake, na yeye mwenyewe hajui. Akarudi vilevile, kopo mukononi, hakumwaga hata tone.

"Mama, niongeze?"

"Hapana. Ataongeza yeye mwenyewe."