Wali wa Siku ya Kumaliza

Hadi leo sijajua kati ya mume na mke wale nani alianza kukataza wali nyumbani kwao. Walikuwa mbele yangu benki, Iringa mjini, wakimalizia mkopo wa nyumba kabla ya muda.

"Mmewezaje?" karani aliuliza.

"Tunalima mpunga Madibira," mke alisema. "Tuliuza wote, tukala ugali. Wazo la baba huyu."

"Muongo! Wazo lake," mume alikataa, akiikunja risiti taratibu. "Mimi nililalamika kuliko watoto. Asante, mama, kwa kunivumilia."

Nimezoea kusikia wanandoa wakisukumiana lawama. Kusukumiana sifa kulinipendeza.

"Basi leo wali," mke aliamua.

Akakumbusha kuwa nyumbani hapakuwa na hata punje. Mume, mkulima wa mpunga, akavuka barabara kwenda kununua mchele dukani.