Mchezo Alioacha Baba Mkwe

Mume wangu ana kompyuta kumi na nne, na hakuna hata moja inayoweza kuandika barua. Ni za kuchezea chesi tu. Kila moja ni ubao wenye vitufe na taa nyekundu pembeni. Unasogeza kete yako, inalia ti, inafikiria, kisha inawasha taa kukuonyesha uisogezee kete gani. Nyingi zina umri mkubwa kuliko ndoa yetu. Yeye ni fundi wa mashine za fotokopi, na kila ofisi anayoingia lazima aulize kama stoo kuna "kitu cha zamani cha chesi". Basi kwetu chesi inakalia kochi, mgeni anatafutiwa stuli.

Na mchezo wenyewe hauwezi! Mashine dhaifu kuliko zote humfunga kabla chai haijapoa, naye anapiga makofi: "Bado nzima hii!"

Moja tu ilikuwa haichezewi. Ilikuwa ya baba mkwe. Siku alipopelekwa hospitali alikuwa katikati ya mchezo, tena zamu yake. "Msiguse," akasema, "nakuja kumalizia." Hakurudi. Mume wangu akaiweka juu ya kabati na kete zake vilevile. Miaka sita sasa. Kuifuta vumbi, kazi ya nani? Yangu. Na masharti juu: kete moja moja, inua, futa, rudisha.

Kumbe betri ndizo zilizokuwa zinautunza ule mchezo ndani ya mashine. Hilo hakuwahi kuniambia.

Jumatatu saa ya ukutani ilisimama, nikachelewa kazini. Jumanne asubuhi nikasema potelea mbali. Nikamimina kete kwenye bakuli, nikapindua mashine, nikachomoa betri moja, nikaitia kwenye saa, huyoo nikaondoka.

Jioni nilimkuta sakafuni, bakuli mapajani. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Mchezo wa Baba umefutika," alisema.

"Si unakumbuka kete zilivyokaa?"

"Sikuwahi kuzishika kichwani. Mashine ndiyo iliyokuwa inakumbuka."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Hebu lete hilo bakuli," nikamwambia.

Mfalme mweusi kwenye kona, askari watatu mbele yake. Malkia mweupe katikati, peke yake kama mtu aliyesusa. Farasi mweupe mwenye sikio lililovunjika, yule anayenasa nyuzi za kitambaa changu kila mara, upande wa kushoto. Kete kumi na saba, na sikusita hata kwa moja.

"Una uhakika?"

"Mimi nafanya kazi masjala, faili likisogea kidogo tu najua. Halafu nani anafuta vumbi humu ndani kila Jumamosi?"

Akacheka huku machozi yanamtoka. Akarudisha betri, akabonyeza vitufe mpaka mashine ikaupokea mpangilio wote. Taa ikawaka: zamu ya mweupe. Zamu ya baba mkwe. Akanyoosha mkono aizime, airudishe juu ya kabati.

"Wee! Baba ameshafikiria vya kutosha. Sogeza."

"Mimi siwezi, Mama Watoto. Sogeza wewe."

Chesi siijui, lakini yule farasi wa sikio bovu nilikuwa namhurumia siku nyingi. Nikaonyeshwa anavyoruka, nikamrusha. Mashine ikalia ti, ikaanza kufikiria.

Ilitufunga kwa hatua nne. Mume wangu akaruka juu, anapiga makofi.

"Bado nzima hii!"