Mke Ambaye Hakuwepo Alipoolewa

Hadidja alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga tena mji wa Mahajanga, huko Madagaska. Aliapa wakati wa fujo za mwaka sabini na sita, alipotolewa mjini nyuma ya lori, amefunikwa magunia, kiganja chake kikiwa kimeziba kinywa cha bintiye Oumi ili asilie. Nyuma yao nyumba aliyozaliwa ilikuwa ikiwaka. Siku zile Wangazija walikuwa wakiwindwa kichochoro kwa kichochoro. Wengi waliosalimika walipelekwa Ngazija. Hadidja akaishia kisiwani Nosy Be, katika kijiji cha Andilana, kwa mama yake mdogo, akawa anauza samaki wa kukaanga.

Mumewe Bacar hakuyaona hayo. Alikuwa baharia, yuko safarini, akateremkia Marseille na kubaki huko. Wanaume wana bahati hiyo: moto ukiwaka, huwa hawapo, na ukizima huuliza kwa nini nyumba imeungua.

Lakini kiapo cha mnyonge kina mlango wa nyuma. Mwaka themanini na tatu Bacar aliomba mkewe na bintiye wamfuate Ufaransa. Jibu likaja kwamba mke kwanza aende Mahajanga, katika ofisi ya Wafaransa, ahojiwe. Kulikuwa na watu waliokuwa wakioana kwa makaratasi tu, na wakuu wa ofisi walitaka kujua kama ndoa hii ni ya kweli. Hadidja akamtazama Oumi, miaka kumi na miwili, anayepara magamba ya samaki kama mtu mzima, akakivunja kiapo chake.

Lori lilipopita Belobaka na mji ukaanza kuonekana, alijifunika ushungi mpaka puani. Koulsoum, binti wa shangazi yake, ndiye aliyempokea.

"Hebu jifunue, dada. Siku hizi wanaotufukuza hapa ni mbu tu."

Hadidja hakucheka. Usiku wote alisikia kila aliyepita nje, na kila aliyepita alikuwa ameshika panga mpaka alipokwisha kupita.

Asubuhi aliketishwa mbele ya mwanamke wa Kifaransa mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Pembeni alikaa mkalimani, Mmalagasi mwenye sauti ya upole.

"Ndoa yenu ilifungwa wapi?"

"Nyumbani kwetu, mtaa wa Mahabibo, hapa hapa mjini."

"Shehe alikuuliza nini?"

"Hakuniuliza mimi. Aliyeniozesha ni baba yangu. Yeye ndiye aliyeshikana mkono na mume."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Chumba cha ndani."

"Uliwaona?"

"Wanaume walikuwa barazani. Ningewaonaje?"

"Ulimsikia mumeo akikubali?"

"Nilikuja kuambiwa."

Mkalimani akakohoa kidogo. "Madamu anauliza hivi, mama. Siku ya ndoa yako, wewe mwenyewe hukuwepo?"

Kwa watu wa kwao swali hilo halikuwa na siri yoyote. Bibi harusi anayejitokeza barazani kusikiliza ndoa yake mwenyewe ni kichaa au hana wazazi. Hadidja akajibu kama alivyolelewa.

"Sikuwepo."

Kalamu ya yule mwanamke ikaandika kwa muda mrefu, na Hadidja akaona ubaridi ukimpanda kutoka nyayoni. Akaoneshwa picha aliyoituma Bacar: wanaume wamevaa majoho na vilemba, Bacar katikati na shada shingoni.

"Wewe uko wapi hapa?"

"Ndani, madamu."

"Ndani tena," alisema mkalimani, na hilo hakulitafsiri.

Wakamwuliza juu ya nyumba. Alisema ilikuwa yake, amejengewa na baba yake, kwani kwao mume ndiye anayeingia kwa mke. Yule mwanamke akafunua faili. Bacar alikuwa ameulizwa swali hilo hilo huko Marseille, naye alijibu kwamba nyumba ilikuwa yake yeye. Akimkanusha mumewe, wataonekana hawajuani. Akimkubalia, amemwibia baba yake kaburini.

"Ilikuwa yangu," alisema, sauti ikatoka ndogo kama ya mtoto.

Wakataka barua. Barua hazikuwepo, kwa kuwa si yeye wala Bacar aliyesoma. Walikuwa wakitumiana kaseti kwa mikono ya mabaharia. Basi wakataka kaseti, na hapo Hadidja akainamisha kichwa. Kaseti ilikuwa moja tu. Bacar akisema yake, Hadidja huisikiliza kwa mwenye duka, kisha husemea ya kwake juu yake na kuirudisha. Miaka yote hiyo ya ndoa ilipita katika utepe mmoja, kila neno likifuta lililotangulia. Na wakati huo kaseti yenyewe ilikuwa Marseille, ina sauti ya Hadidja mwenyewe akiulizia koti la Oumi.

"Mlete mtu aliyekuona ukiolewa," aliambiwa. "Alhamisi. Asipopatikana, faili litafungwa."

Jioni Koulsoum alihesabu watu wa harusi ile kwa vidole, na kila kidole kikakunjika. Huyu amekufa, yule yuko Ngazija, wale hawajulikani walipozikwa.

"Yupo mmoja," alisema mwishowe.

"Usimtaje."

"Nisipomtaja mimi, atakutajia nani? Rabiata yupo. Anakaanga vitumbua karibu na soko."

Rabiata alikuwa rafiki wa Hadidja tangu wakicheza vumbini. Ndiye aliyempaka msandali usoni siku ya ndoa, ndiye aliyekaa naye chumba cha ndani akimshika mkono. Na ndiye aliyeolewa na Bacar kwa siri miaka mitano baadaye. Hadidja aliipata habari kisimani, kutoka kwa wanawake waliodhani anaijua. Siku za fujo Rabiata alifichwa kijijini Katsepy na wajomba zake, kwa kuwa mama yake ni Msakalava, mwenyeji wa nchi, halafu akarudi mjini. Hawakuwa wamesemeshana tangu walipopigana kwa ajili hiyo.

Kilichomtisha Hadidja hakikuwa aibu ya kubisha mlango ule. Wafaransa hawatambui wake wawili. Rabiata akifungua kinywa na kusema "mimi pia ni mke wake," basi Oumi atapara magamba ya samaki maisha yake yote. Neno moja tu, na mwenye kinyongo halikosi.

"Hodi."

"Nani? Ah!" Rabiata hakuinuka kwenye kigoda. "Kumbe wafu hufufuka kabla ya kiama. Karibu, Mama Oumi. Umekuja kumalizia ushungi wangu? Ulibaki upande mmoja haujachanika."

"Nimekuja na shida."

"Najua. Furaha zako hupiti nazo huku."

Hadidja alieleza yote akiwa amesimama, moshi ukimwingia machoni. Rabiata aligeuza vitumbua kimoja kimoja.

"Kwa hiyo wewe, mwenye mume, huna wa kukushuhudia ila mwizi."

"Nataka useme uliyoyaona tu."

"Niliyaona mengi, mwenzangu. Unataka yapi?"

"Rabiata, usinifanyie hivyo. Wewe na yeye yamekwisha. Amesema kwenye kaseti kwamba alikuacha, zamani, alipofika tu Marseille. Alimtuma Madi akuletee talaka."

Mkono wa Rabiata ukasimama juu ya kikaango.

"Madi yupi?"

"Madi baharia. Wa Mahabibo, mwenye kigugumizi."

Rabiata akarudi kwenye vitumbua vyake. Kimoja kilikuwa kimeungua. Akakitupia kuku.

"Nenda zako," alisema. "Mafuta yangu yanaharibika."

Hakusema atakuja, hakusema hatakuja. Mpaka Alhamisi, kila Hadidja alipofumba macho alimwona Rabiata amekaa mbele ya yule mwanamke wa miwani, anajifuta mikono, anafungua kinywa.

Alhamisi Rabiata akaja. Alivaa leso mpya na alinukia asumini, kama mtu anayekwenda harusini, na hofu ya Hadidja ikazidi. Wakaketishwa bega kwa bega.

"Ulimwona huyu akiolewa?"

"Nilimpamba kwa mikono hii. Alilia mpaka msandali ukamtiririka shingoni, nikampaka upya. Alisema hataki kula, ana huzuni. Nilipogeuka akamaliza paja la kuku."

Mkalimani alitafsiri, na yule mwanamke akacheka kwa mara ya kwanza. Aliuliza kwa nini bibi harusi hakuwa barazani. "Wewe ulitaka atoke akajiuze mwenyewe?" alijibu Rabiata. Hilo nalo likatafsiriwa, na likaandikwa. Hadidja akaanza kupumua.

"Na wewe bwana Bacar unamjuaje?"

"Alikuwa mume wangu," alisema Rabiata.

Yule mwanamke akavua miwani. Akasema kitu kifupi, na mkalimani akakigeuza polepole. "Alikuwa, au ni?"

Hadidja alishika ukingo wa kiti. Rabiata hakumtazama. Alijiweka sawa leso begani, taratibu, kana kwamba ana siku nzima.

"Alikuwa," alisema. "Aliniacha. Alimtuma Madi baharia aniletee talaka."

"Unaapa?"

"Naapa."

Akabonyeza kidole chake kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Hadidja naye akabonyeza chake. Wakaambiwa viza za mama na mtoto zitakuwa tayari baada ya mwezi mmoja.

Nje, jua lilikuwa kali. Walipofika kona ndipo Hadidja akasema.

"Mungu akulipe, Rabiata. Na huyo Madi, kama yuko hapa mjini, nikamshukuru na yeye."

"Madi yuko kaburini. Aliuawa siku ya pili ya fujo, mbele ya duka la Mhindi. Niliambiwa na aliyemfunika shuka."

Hadidja akasimama. Bacar alifika Marseille baada ya fujo, si kabla.

"Basi Bacar hakujua. Labda..."

"Alijua. Nilituma kaseti nikamtajia waliokufa, jina kwa jina. Haikurudi hadi leo." Rabiata alitema mate vumbini. "Alitafuta mtume ambaye huwezi kumwendea ukamwuliza."

"Kwa hiyo hukuachwa?"

"Leo nimejiacha mwenyewe. Miaka saba sijaletewa hata salamu. Mungu akiniuliza, nitamwuliza na Yeye."

Hadidja alihisi ubaridi ule ule wa ofisini, ila sasa ulitokea upande wa mbele, kule alikoombea siku zote kufika. Hofu zake zote alizimaliza kwa Wafaransa na kwa Rabiata, na kwa Bacar hakubakiza hata moja. Sasa aliona anampeleka mtoto wake nchi ya baridi, asikojua lugha wala mlango wa jirani, mikononi mwa mtu aliyemtwika maiti talaka.

"Nikifika," alisema, "nimwambie nini?"

Rabiata alikuwa amekwisha kuanza kwenda, maana vitumbua vya jioni vilikuwa vikimngoja. Akageuka.

"Mwambie Madi amefika salama."