Jina Lililoanikwa Kambani

Usiku ule nilisikia mashine ya kusaga kabla sijamwona mwenyewe. Mwenyewe ni Kihwele, rafiki yangu aliyenipokea nilipoingia mji huu bila hata begi, na ambaye tulishamzika. Yeye Mhehe, mimi Mngoni, kwa hiyo ni watani. Msibani nilivaa koti lake nikamwiga anavyochechemea, na waliokuwa wakilia wakacheka. Ndivyo mtani anavyozika.

Nililala na wasiwasi. Shule niliacha darasa la sita, kuuliza vitu sijaacha. Kutengeneza programu nimejifunza kwenye simu, mji hadi mji. Sasa Sista Anjela, muuguzi mkuu wa zahanati, alikuwa amenipa kazi kubwa kuliko zote: programu ya wagonjwa kuona majibu ya vipimo kwenye simu zao, kila mmoja kwa neno lake la siri. Walishajiandikisha. Asubuhi ingefunguliwa.

"Hawa wanasahau," Sista aliniambia. "Mtu akisahau, umtumie neno lake kwa meseji."

Basi nikayahifadhi maneno yote wazi, kama yalivyoandikwa. Nilikuwa nimesoma kwamba haifai. Nikajiambia, nani ataangalia?

Kihwele alikuwa amesimama mbele ya mashine, kope nyeupe kwa unga. Hakugeuka.

"Mngoni. Bado hujaoa?"

"Na wewe bado umekufa?"

Akiwa hai angecheka mpaka ashike ukuta. Hakucheka. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Ananishika mkono, na tumeshatoka nje, uani mwa zahanati. Kamba ya nguo imevutwa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake nimeanika maneno. Najua ni mimi niliyeanika, vidole vyangu vimelowa. Majina ya watoto, timu za mpira, miaka ya kuzaliwa, yote yanadondosha maji. Watu wanapita, wananyanyua moja, wanasoma, wanarudisha.

Anakuja mtu ambaye uso wake siuoni. Anachomoa neno la Leokadia, mjane wa Kihwele. Neno lile linafungua mlango wa nyumba yake. Linafungua simu yake. Linafungua sanduku chini ya kitanda, kwa sababu shemeji yangu ana neno moja tu na analitumia kila mahali. Mwisho linafungua bahasha ya majibu yake. Najaribu kupiga kelele, mdomo umejaa unga.

"Ndugu zangu wanatafuta sababu tu," Kihwele anasema. "Wakijua anachoumwa, atalala nje."

"Nitalificha neno lake."

"Utalificha wapi? Ulipoliweka, wewe unalisoma. Na atakayeingia kwako atalisoma." Akanisogelea. "Neno lake ni jina langu. Aliniita hivyo taa ikishazimwa."



Tumerudi kwenye mashine. Anaichukua kamba nzima, anaitia ndani. Maneno yakasagika kama mahindi, ukatoka unga.

"Nirudishie punje," anasema.

"Unga haurudi kuwa punje."

"Kesho mwenye neno akija, utamjuaje?"

Jibu lilitoka kabla sijalifikiria. "Aje na mahindi yaleyale. Nisage tena, nilinganishe unga na unga. Punje sizitunzi."

"Na wawili wakileta mahindi ya aina moja?"

Unga wao ungefanana, na atakayejua neno la mmoja angejua na la wa pili. Kihwele anaweka madebe mstari, kila debe analitupia konzi ya kitu tofauti, hili ulezi, hili muhogo mkavu, hili mtama, kisha anasaga. Hakuna unga uliofanana na mwingine. Mashine inakwenda taratibu mno, inanikera.

"Iongeze kasi basi!"

"Mwenye debe moja atasubiri kidogo, hatakufa. Mwizi mwenye maneno elfu ya kubahatisha, huyo ndiye ninayemchosha." Akajifuta kope. "Yaliyokwisha kuonwa yameonwa, Mngoni. Mwambie Leokadia abadilishe. Jina lile alirudishe nyumbani."

Mashine ikazimika. Nikaamka nimekaa, nimekunja ngumi, kumeshakucha.

Nikampigia Sista Anjela, nikamwambia asifungue.

"Wewe mtoto una wazimu? Watu wako kwenye benchi! Niwaambie nini?"

"Waambie kila mtu atachagua neno jipya, na hatutalitunza. Akilisahau, hatumkumbushi mtu. Anachagua jingine."

Akanitukana vizuri, halafu akauliza ni lini. Nikasema nikimaliza kuifundisha programu kuyasaga maneno.

Nikafuta maneno yote, nikatoka. Leokadia alikuwa anafagia uani kwake.

"Shemeji, umetokea wapi na hali hiyo? Hata uso hujanawa."

"Badilisha neno lako la zahanati. Na la simu, na kila ulikoliweka. Nimemwota Kihwele. Amesema jina lile ulirudishe nyumbani."

Ufagio ukasimama.

"Kumbe umeliona."

"Nimeliona, shemeji. Kwenye kompyuta nimelifuta."

"Na kichwani?"

Akaanza kufagia tena, polepole, akinipa mgongo.

"Basi usilitamke," akasema. "Hata ukiwa peke yako."