Ijumaa za Mwalimu Mpondo

Enzi zetu Kiingereza hakikuwa cha kwenye simu. Sisi tuliosoma kule Unyambwa tulikifuata peku, na ile baridi inayopasua visigino, tumboni uji wa uwele, mfukoni karanga za kukaanga kama mama kaamka vizuri. Tulikimbia mchakamchaka, tulifagia uwanja, tuliimba mpaka sauti inakauka. Wiki nzima tulikuwa watoto. Ijumaa tulikuwa mbuzi wa mnada.

Ijumaa ilikuwa ya Mwalimu Mpondo. Namtaja jina, simwogopi tena. Anaandika neno moja la Kiingereza ubaoni, halafu anagonga meza kwa fimbo. Kama ni jina la kitu, kimbilia mlangoni. Kama ni tendo, simama ubaoni. Kama ni adjective, lile linaloeleza kitu kikoje, nenda dirishani. Ukikosea, chukua jembe uende shambani kwake mpaka jioni. Darasa zima linatazamana nani anyanyuke kwanza.

Kaka yangu Joeli, aliyekuwa sekondari, ndiye alinipa dawa. "Lishike neno, uliweke mbele ya boy. Likikaa vizuri, kimbilia dirishani." Basi nikawa siguswi. Big boy, dirishani. Dirty boy, dirishani. Run boy? Hapo huyo boy anatumwa, kaa mbali na dirisha. Wenzangu wakaligundua hilo, nikinyanyuka wananyanyuka. "Mfuate Anjela, ana macho huyo!"

Tukafika la sita, msimu ambao alizeti za mwalimu zilikuwa zimekauka, ndege wanazimaliza. Ijumaa hiyo akaandika heavy, yaani zito. Nikapima kimoyomoyo: heavy boy. Nikaenda dirishani, karibu darasa zima nyuma yangu. Mwalimu akatutazama. Akatazama nje, kule shamba liliko.

"Mmekosa. Hilo ni jina la mzigo."

"Mwalimu, mbona linaeleza mzigo ukoje..."

"Nani mwalimu hapa, wewe au mimi? Haya, shambani wote!"

Tukakata vichwa vya alizeti, jua la utosi, mimi nalia kwa hasira. Ndipo baba akapita na ng'ombe wake, katoka kunywesha. Akasimama.

"Anjela! Shule imefungwa?"

"Tuko shule, baba."

Akakiangalia kichwa cha alizeti mkononi mwangu, akamwangalia mwalimu aliyekaa kivulini. "Kama shule ndiyo hii, hata mimi nina alizeti."

Jumatatu sikurudi. Mama aliomba, Joeli aliomba, mimi nilipiga magoti kwenye kizingiti. Baba akishasema amesema. Na yeye namtaja, Mungu amrehemu: mwalimu alinitoa darasani, baba akafunga mlango.

Siku hizi binti yangu Rehema akipewa kazi ya Kiingereza anaiuliza simu huku anatafuna chipsi. Namuuliza, sasa hapo dirishani ni wapi? Anacheka mpaka anajifuta machozi. "Mama na wewe!" Watoto hawa hata kukimbilia neno hawajui, adjective inawafuata kitandani. Sisi tulizijua kwa jasho, na mpaka leo nikisikia neno geni redioni, nalipeleka kwanza kwa boy. Lakini Ijumaa ya Rehema ni siku ya kusuka nywele, na hakuna anayempa jembe. Hapo ndipo namwonea wivu mwanangu wa kumzaa.

Juzi nilikutana na Mwalimu Mpondo mnadani, kazeeka, mkongojo mkononi. Shikamoo nikampa, mdomo ulishazoea.

"Marahaba, mwanangu. Wewe si nilikufundisha? Uliishia la ngapi?"

"La sita, mwalimu."

"Ah! Mabinti wa enzi zile mlikuwa wavivu. Kwa nini hukumaliza?"

Nikamtazama sana. Alikuwa anauliza kweli.

"Alizeti zilikuwa zimekauka, mwalimu."